Pigo la Sita

Nilikatiwa tikiti kuingia kijiji nilikoolewa. Msichana wa mlangoni, ambaye mikono yangu hii ndiyo iliyompokea siku mama yake alipomzaa, alinipa kikaratasi cha manjano akaniambia, "Mama, usiipoteze, utaionyesha wakati ya kutoka." Nikakisokomeza ndani ya kilemba. Mara ya mwisho kutoka Yatuli sikuonyesha karatasi yoyote. Nilitolewa nikiwa nimeshikiliwa na wanawake wawili, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kiko wapi hadi leo.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, mwezi wa kumi na moja, na mvua ilinyesha karibu kila alasiri. Mji wetu ulikuwa umeacha kuitwa Stanleyville miezi michache tu kabla, na sasa hata karatasi za serikali zilisema Kisangani, kama tulivyosema sisi tangu zamani. Maasi yalikuwa yamekwisha, au tuseme yalikuwa yamejikunyata mahali fulani msituni, na wakubwa walitaka watu waone kwamba mambo yamerudi sawa. Kwa hiyo wakafungua tena kijiji cha wahunzi. Wakaweka uzio mpya, wakapaka rangi kibao, wakaleta wageni kwa boti siku ya Jumapili.

Nilikwenda na Zaina, jirani yangu wa mtaa wa Kabondo huko mjini, muuza vitambaa, mtu wa kuuliza. Ukimpa yai atataka kujua habari za kuku. Saa mbili tulizokaa ndani ya boti hakuacha kunitazama mikono.

"Unaenda kwako, lakini unatetemeka sawa mutu anaenda tribunal kuhukumiwa," akasema.

"Ni baridi ya mayi."

"Baridi gani? Miye ninatoka jasho."

Barua ya mwanangu ilikuwa kifuani, ndani ya kikwembe, kitenge nilichojifunga, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kukatika. Mwanangu Dominique, Domi, alikuwa na miaka kumi na tisa na tayari ndiye gardien wa Yatuli, mlinzi wa kijiji na mwongozaji wa wageni, kazi aliyoifanya baba yake. Aliandika: "Mama, kuja. Siku ya Jumapili nitapewa jina ya Papa mbele ya batu. Na wageni wakisha kula, tutageuza fuawe ya Arthur. Ninataka uone kwa macho yako." Hakuandika Tonton Arthur, yaani mjomba Arthur. Aliandika Arthur, basi, yeye aliyefundishwa na mzee huyo kushika koleo kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Mhunzi wa Yatuli akigeuziwa fuawe lake, lile chuma la kufulia, uso chini, amekwisha. Hafui tena, hasalimiwi, na akifa hakuna chuma kitakachomlilia. Arthur alikuwa na miaka sabini kasoro kidogo. Kijiji kizima kiliamini kwamba yeye ndiye aliyemtoa mume wangu, Lambert, kwa waasi. Watu wawili tu tulijua kwamba hakumtoa, yeye na mimi. Yeye alikuwa amenyamaza miaka miwili. Mimi pia.

Lazima nieleze habari ya majina, la sivyo nitaonekana nimerukwa na akili, na huenda hata nikieleza.

Kila mhunzi wa Yatuli ana jina la chuma. Asubuhi, kabla ya kuwasha makaa, hulipiga juu ya fuawe tupu ili wenzake wajue ameamka. La Lambert lilikuwa mapigo matatu, kimya, mapigo mawili. Mtoto wa kiume hupewa jina la baba yake na pigo moja zaidi mwishoni. Kwa hiyo Domi alikuwa matatu, kimya, mawili, halafu moja. Baba akifa, mhunzi mkubwa kuliko wote hulipiga jina la mwana bila lile la mwisho, na tangu hapo mwana ni baba. Wanaita kupunguza. Na msiba ukitokea, jina la marehemu hupigwa mara moja, kisha nyundo hukokotwa juu ya uso wa fuawe kwa ile sauti inayotia meno ganzi. Msiba haupigwi kwa mtu aliye hai. Kuupiga ni kumuua, wanasema, na mwanamke haruhusiwi hata kuivuka nyundo iliyolala chini.

Mimi si mtu wa chuma. Mimi ni wa Yanonge, binti wa wavuvi, na kwetu tunasemezana kwa ngoma ya gogo. Ngoma haina haraka. Ukitaka kumwita mtu kwa ngoma unamsifu kwanza, unamtaja babu yake, unarudia, unapamba, na pigo likizidi hakuna anayelalamika, ni chumvi tu. Nilipoletwa Yatuli nikiwa bibi arusi niliwacheka. "Munasema sawa batu wenye kuumwa meno," nilimwambia Lambert. Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akaniambia, "Angélique, mu chuma, pigo moja ni mutu mwingine." Nililisikia neno hilo. Kulielewa ni kitu kingine.

Tangu mwaka wa sitini na nne nalisikia pigo la sita. Mchi wa jirani ukipiga matano, nangoja, na la sita linakuja. Mvua ikidondoka kwenye bati, mwashi akigonga tofali, mtu akibisha mlango, la sita linakuja. Siku moja nilimshika Zaina mkono akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, nikamwomba aishie pale pale. Alinitazama, akaweka mchi chini, akaenda kunipikia chai. Hilo ni moja kati ya mambo machache ambayo hakuwahi kuyauliza.

Yatuli haikuwa imebadilika, na hilo ndilo lililoniumiza. Mabanda yale yale ya wahunzi, tanuri la udongo refu kama mtu, vilima vya mavi ya chuma vilivyoota majani. Kabla ya uhuru Wabelgiji walikipenda kijiji chetu kuliko tulivyokipenda sisi. Walitukataza kuezeka bati ili kibaki cha kale. Jumapili, boti ya wageni ikionekana, wanaume walikimbia kuvua suruali na kuvaa nguo za majani. Lambert peke yake alibaki na kofia yake ya gardien, akawaeleza wageni kwa Kifaransa kizuri jinsi babu zetu walivyoyeyusha mawe mekundu, huku nyuma yake Arthur akifua springi ya lori la misheni lililokufa. Nilimwuliza kama haoni haya. Akasema, "Papa yangu alichimba ile mawe kweli. Miye ninasema ukweli yake."

Domi alitupokea kwenye bichi, pale boti zinapotia nanga, akiwa na kofia ile ile, nembo ya Wabelgiji imekwanguliwa. Nilimwona toka mbali, amesimama mguu mmoja mbele kama baba yake. Tuligusana paji la uso mara tatu.

"Mama, umefika."

"Nimefika."

"Leo itakwisha," akasema.

Aliwazungusha wageni. Kulikuwa na walimu, masista wawili, na mundele mmoja, Mzungu mwenye kamera aliyesikitika kuona wahunzi wamevaa suruali. Domi alikuwa amekataza majani. Alikuwa amekataza pia uongo. "Hii ni ressort ya camion," aliwaambia, akiinua kipande cha chuma cheusi. "Mawe ya chuma, siye hatuchimbe tena. Babu walichimba. Siye tunafua tu." Mundele akashusha kamera. Mimi nilimtazama mwanangu na nilijivuna, na papo hapo niliogopa, maana mtu asiyeweza kuvumilia uongo wa springi ya lori atavumilia nini kingine?

Tukafika banda la Lambert. Walikuwa wamezungusha kamba mlangoni ili watu wasiingie. Ndani, fuawe lake, na juu yake nyundo. Juu ya ubao, jina lake na tarehe.

"Hapa," Domi akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya kazi, "papa yangu aliitwa mu mauti. Waasi walimutafuta kwa sababu alifanya kazi na Wazungu. Alikuwa amejificha kule, mu mashimo ya makaa. Mutu moja, muhunzi, alipiga musiba juu ya fuawe hii. Hakupiga jina ya papa. Alipiga jina yangu. Papa akafikiri mwana yake amekufa. Akatoka."

Sista mmoja akashika msalaba wake kifuani. Zaina akanigeukia polepole. "Angélique," akanong'ona, "ni nani anaweza kufanya akili ya namna ile?"

Pale ndipo palipokuwa na ubaya wote. Kilichotokea kilionekana ni akili.

Arthur alikuwa ameketi peke yake mbele ya banda la mwisho, juu ya kinu kilichopinduliwa. Nyumba yake ilikuwa imepigwa ukuta mpya kama nyingine zote, kwa ajili ya wageni, lakini hakuna mgeni aliyepelekwa kule. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala pajani, vidole vimejikunja ndani, havikufunguka tena tangu siku ile. Nilimwendea.

"Tonton."

"Mama Domi. Umekonda."

"Watageuza fuawe yako."

"Nilisikia. Walikuja kuniuliza kama niko na neno. Nikasema hapana."

"Kwa nini hukusema?"

"Mutoto alibaki bila papa. Nikisema, anabaki bila mama pia. Miye ni muzee, fuawe ni jiwe na chuma tu." Halafu akaniuliza, bila ukali, "Na weye, kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Bon," akasema. "Ni jibu."

Sasa niseme.

Waasi walichukua mji mwezi wa nane, mwaka wa sitini na nne. Mwanzoni hata mimi niliwapigia vigelegele. Walisema huu ndio uhuru wa pili, na wa kwanza tulikuwa tumeunusa tu. Halafu wakaanza kuwatafuta makarani, walimu, yeyote mwenye kalamu mfukoni. Lambert alikuwa na kofia na Kifaransa. Mwezi wa kumi, asubuhi moja, habari ikaja kwamba wako mtoni wanashuka. Kabla jua halijatoka nilikuwa nimemtia Domi ndani ya mtumbwi wa wajomba zake, aende Yanonge kwa mama yangu. Baba yake alimwona akiondoka. Kisha wanaume wakaingia msituni, kwenye mashimo ya kuchomea makaa, mahali ambapo sauti ya kijiji inafika. Wanawake wakafuata na watoto. Arthur alibaki kwa sababu ya goti lake. Mimi nilibaki kufunga kwanga za Lambert za njiani, mikate ya muhogo. Kwanga nne. Ndizo zilizonichelewesha.

Walikuja sita. Kiongozi wao alikuwa kijana wa upande wa Opala, amevaa viatu vya shule, na alikuwa na adabu, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Alimwamkia Arthur kwanza.

"Muzee, Lambert iko wapi?"

"Alikufa," Arthur akasema.

"Lini?"

"Juma iliyopita. Homa."

Kijana akacheka. "Mama yangu ni wa mutoni hapa. Mutu wa Yatuli akikufa, chuma inalia, na muto muzima unasikia. Siye tuko hapa miezi mbili. Hatukusikia kitu." Akaingia ndani ya banda la Lambert, akalitazama fuawe, akaokota nyundo, akampa Arthur. "Alors, piga. Tusikie na siye."

Arthur akasema hapana. Hakueleza. Wakamlaza mkono wa kushoto juu ya fuawe na kuvunja vidole vyake kwa nyundo yake mwenyewe ya kazi, aliyokuja nayo. Akasema hapana. Wakaanza kumvuta mkono wa kulia.

Hapo nikaichukua nyundo ya Lambert. Nilisema mimi ni mke wa marehemu, nina haki. Nilikuwa nimefikiri, na nataka ijulikane nilifikiri nini, maana nimekuwa na miaka miwili ya kulirudia. Nilifikiri: mimi ni mtu wa Yanonge, mwiko wa chuma haunihusu. Nilifikiri: msiba uliopigwa na mwanamke hauui mtu. Nilifikiri Lambert atausikia mkono wangu mbovu toka kule shimoni, atajua ni hila, atacheka mpaka afute macho, na usiku ukiingia atapanda mtumbwi aende zake.

Nikapiga matatu. Nikanyamaza. Nikapiga mawili. Na kwa kuwa nilikuwa naishika nyundo kwa nguvu zangu zote, nyundo ikadunda. Ikaruka kidogo tu, urefu wa kidole, ikaanguka tena juu ya fuawe. Kisha nikaikokota.

Arthur akafumba macho. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni maumivu ya mkono. Kwa masikio yangu mimi, masikio ya ngoma, kilichozidi kilikuwa chumvi tu.

Kijana wa Opala aliridhika. "Bon. Kweli alikufa," akasema. Wakachukua kwanga zangu, wakala wamesimama, wakaanza kuteremka. Mmoja alikuwa bado anapangusa vidole vyake kwenye majani pale Lambert alipotokea kati ya mabanda, wazi, mikono chini, miguu mitupu.

"Mwili ya mutoto iko wapi?" akauliza.

Hawakumwelewa. "Mutoto gani?" kijana akamwuliza. Lambert alinitazama mimi, akaitazama nyundo iliyokuwa bado mkononi mwangu. Akaniuliza neno kwa lugha ya kwetu Yanonge, ambayo alikuwa amejifunza kwa ajili yangu na kuizungumza vibaya. Nikamjibu. Akasema neno lingine. Nitayasema mahali pake. Mmoja wao akamtambua, wakamchukua mpaka mtoni. Tulisikia mlio mmoja wa bunduki. Maji yana kasi pale, hatukumpata.

Watu walipotoka msituni walimkuta Arthur ameketi mbele ya fuawe, nyundo niliyoiangusha iko miguuni pake. Mimi nilikuwa ukingoni mwa maji. Nilifungua mdomo niseme, kikatoka kilio, wakasema mwacheni mama apumzike. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kwanza nilinyamaza kwa kulia, kisha kwa hofu, kisha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Domi aliporudi toka Yanonge aliwakuta wenzake na hukumu tayari: walimtesa Arthur, sawa, mtu akiteswa anaweza kupiga. Lakini angepiga jina la Lambert. Kwa nini apige la mwana? Mhunzi tu ndiye angejua kwamba hilo ndilo litakalomtoa baba shimoni. Na mhunzi aliyekuwepo alikuwa mmoja.

Wageni walikula samaki na kwanga. Mimi sikuweza. Zaina alikula zake na zangu huku akinitazama. Kisha Domi akasimama, akawaita wanaume wanne, wakaenda banda la mwisho. Arthur alijitoa kinuni ili wapite vizuri, akasogeza hata kigoda kilichokuwa njiani. Wale wanne wakainama, wakashika pembe za fuawe lake.

Nilivuka kamba ya banda la Lambert. Nasikia yule msichana wa mlangoni aliniita, "Mama, ni marufuku," lakini nilikuwa nimeingia. Nyundo ya Lambert ilikuwa nzito kama siku ile. Ningeweza kusema kwa mdomo, lakini mdomo wangu niliujua, ulikuwa umekwisha kunikimbia mara moja. Nikapiga matatu. Nikanyamaza. Nikapiga mawili.

Nyundo ikadunda.

Naapa sikuidundisha. Nilitaka kuidundisha, nilikuwa nimepanga kuonyesha, lakini haikuningoja. Ilikuwa mkono ule ule, woga ule ule, chuma kile kile. La sita likalia pale nje ya kichwa changu, mbele ya masista na walimu na mundele na kamera yake. Sikukokota. Nikaiweka nyundo chini.

Nilipotoka, wale wanne walikuwa wameliachia fuawe. Wote walikuwa mashimoni siku ile, wote walisikia. Mhunzi anautambua mkono kama wewe unavyotambua kikohozi cha mtu wa nyumbani. Mkubwa wao alikuwa ameshika kiuno, anatazama chini.

"Ni ile mukono," akasema. "Ile ya siku ile. Haikuwa ya Arthur. Siye tulisikia jina tu, mukono hatukuisikiliza."

Domi alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kofia mkononi. Nikamwendea, nikamweleza yote, mbele ya watu, toka kwanga nne mpaka mtoni. Sikulia. Nilitaka kulia na haikuwezekana. Alinisikiliza akiitazama mikono yangu, si uso.

"Tonton alijua," akasema.

"Alijua tangu pale pale."

"Na ulinyamaza. Niliandika barua, nikasema nitamugeuzia fuawe, na ukaleta kilemba yako kizuri, ukapanda boti."

"Nilikuja kusema."

"Ulikuja kusema, ama kuona kama utaweza kunyamaza tena?"

Asubuhi ile ndani ya boti nilikuwa sijui. Nilimwambia hivyo.

Mundele alianza kuuliza kitu kwa Kifaransa, Zaina akamwambia afunge mdomo, kwa Kiswahili, na akaelewa.

"Papa alisema nini?" Domi akauliza. "Alipotoka. Alisema nini?"

"Aliuliza mwili yako iko wapi. Halafu akaona nyundo mu mukono yangu. Akaniuliza kwa kwetu, 'Domi iko muzima?' Nikasema iko muzima, iko Yanonge. Akasema, 'Basi, ni sawa.'"

"Ile tu?"

"Ile tu. Na uso yake ilifunguka, Domi. Hata wale waasi waliona. Walifikiri ni kichaa."

Mwanangu akavaa kofia, akaivua tena. Alikwenda mpaka kwa Arthur na kupiga magoti, akakishika kile kiganja kilichojikunja, akakiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Kisha akaagiza kiti kiletwe. Nilidhani ni changu. Kilikuwa cha Arthur.

Walimketisha mzee mbele ya fuawe la Lambert, kamba imefunguliwa, ili ampunguzie mwana jina, maana yeye ndiye mhunzi mkubwa kuliko wote. Aliishika nyundo kwa mkono wa kulia, vidole vimelegea kama inavyopaswa, na nikaona jinsi ilivyo rahisi kwa anayejua. Matatu. Kimya. Mawili. Safi, bila mtikisiko. Akainua nyundo pembeni, imekwisha, na watu wakaanza kushusha pumzi.

Domi akaichukua nyundo mkononi mwake.

"Tonton, nisamehe," akasema. "Sitaipunguza. Papa alitoka mu shimo kwa sababu ya hii pigo moja. Nitaitupa namna gani?"

"Haijafanyika," mkubwa wa wale wanne akasema.

"Itafanyika leo."

Arthur alimtazama, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa kukubali. Domi akapiga. Matatu, kimya, mawili, halafu moja, peke yake, lenye nguvu, na akaliacha lilie mpaka likaisha lenyewe juu ya maji.

Hakuniaga kwa paji la uso. Alitusindikiza hadi kwenye bichi kama alivyowasindikiza wageni wengine, akamshika Zaina mkono apande, akanishika na mimi. Msichana wa mlangoni akaniomba tikiti. Niliitafuta ndani ya kilemba, imelowa jasho, nikampa. Boti iliposogea, Zaina alikaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na swali.

Kila asubuhi, watu wanaopita mtoni wananiambia, gardien wa Yatuli hupiga mapigo sita. Nami huku Kabondo bado nalisikia, kwenye michi na kwenye mabati, kama zamani. Lakini likija la sita nasema kwa sauti, hata watu wakinisikia, "Domi ameamka," na ninaendelea na kazi yangu.